Gasketi ya tatu: Jinsi Pijo ya mama mdogo ilivyoacha kunywa maji

NYANZA-LAC

Ndugu msomaji, kama umewahi kusimama kando ya barabara ya Mabanda saa sita mchana, boneti wazi, mvuke unapaa na madumu ya mawese yanakuangalia tu huko nyuma, basi makala hii ni yako. Na kama hujawahi, soma hata hivyo. Gari kuukuu ni kama mgeni wa usiku, hatoi taarifa ya siku atakayobisha hodi.

Gari ninalolizungumzia ni Peugeot 504 pikapu, ile ambayo sisi tuliokulia Katumba tunaiita Pijo bila kuongeza neno. Baba mdogo aliinunua Mpanda ikiwa tayari imetumika sana. Mwaka 2007 sisi wakimbizi wa 1972 tuliulizwa tuchague kati ya uraia wa Tanzania na kurudi Burundi. Nusu ya ukoo ilibaki, nusu ikarudi. Pijo ikarudi na sisi, usukani wake ukiwa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia.

Baba mdogo amekwisha tangulia mbele ya haki. Pijo ndiyo aliyomwachia mkewe, pamoja na shamba la michikichi ambalo mipaka yake ilichukua miaka kusuluhishwa. Mama mdogo hubeba mawese kwenda Mabanda, na siku za soko hupakia mizigo ya wenzake kwa malipo. Ada ya shule ya wajukuu wawili hutoka humo. Kwa hiyo Pijo ilipoanza kunywa maji, shida haikuwa ya gari peke yake.

Ilipofika mwezi wa tatu wa tatizo hilo, gasketi ya silinda hedi ilikuwa imebadilishwa mara mbili katika gereji moja ya mjini. Ya kwanza ilidumu wiki tatu. Ya pili ilidumu siku sita. Zote mbili pamoja na ufundi zilikula madumu saba ya mawese. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika uani, akaizunguka Pijo mara moja na kutaja bei. Mama mdogo aliniambia, "Mwalimu, likizo ikiisha bila jibu, namwita yule bwana aje na lori lake."

Nikaenda kumtafuta mzee mmoja fundi, naye mrejea kama sisi, ambaye aliwahi kutengeneza Pijo na Land Rover huko Mpanda kabla sijaanza shule. Kazi tuliyoifanya pamoja kwa siku tisa ndiyo ninayotaka kukusimulia. Wengi wetu mpakani tunalipia gasketi ileile mara mbili na mara tatu, na hatuambiwi kwa nini.

Gari lililozoea barabara mbaya

Tuanze na sifa zake, maana si gari la kudharauliwa. Peugeot 504 ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Huku Afrika ziliunganishwa Kaduna nchini Nigeria na Mombasa nchini Kenya, na ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983.

Wazee wanaokumbuka mbio za Safari Rally watakuambia kwamba Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili mwaka 1978. Kabla yao Bert Shankland, fundi aliyeishi Tanzania, alishinda kwa kaka yake 504, yaani Peugeot 404, mwaka 1966 na tena 1967. Injini ya pikapu yetu ni ya ukoo huohuo wa 404. Ina silinda nne, imelazwa ubavu, inatumia mnyororo badala ya mkanda, block yake ni ya chuma na hedi yake ni ya aluminiamu.

Hapo kwenye chuma na aluminiamu ndipo kisa kinapoanzia. Aluminiamu ikipata moto hutanuka kuliko chuma. Kila safari hedi hujinyoosha juu ya block, na ikipoa hurudi. Kilichokaa katikati, kikivumilia msuguano huo pamoja na moto wa silinda, maji na oili, ni gasketi isiyozidi unene wa kadi kadhaa za simu zilizopangwa pamoja. Ikivumilia miaka 10, shukuru. Injini ikichemka mara moja tu hadi hedi ikapinda, hata gasketi mpya kutoka Paris haitafaa kitu.

Glasi nne ndani ya sufuria

Mzee fundi hakugusa spana siku ya kwanza. Alikaa juu ya dumu, akanichorea mchangani.

"Mwalimu," akasema, "wewe hufundisha watoto kwa mifano. Chukua sufuria. Weka humo glasi nne zimesimama. Mwaga maji kuzizunguka. Kisha funika glasi zote nne kwa kifuniko kimoja. Hiyo ndiyo Pijo."

Glasi zile ni slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika magari mengi ya Kijapani tuliyozoea, silinda imechongwa ndani ya block yenyewe. Katika Pijo slivu inachomolewa, na maji ya rejeta yanaigusa moja kwa moja. Chini ya kila slivu kuna sili nyembamba kama pete, kazi yake ni kuzuia maji yasishuke kwenye sampu ya oili. Juu, slivu lazima ichomoze kidogo sana kupita uso wa block, sehemu ndogo ya milimita, ili hedi inapokazwa iibane gasketi juu na sili chini kwa pamoja.

Slivu moja ikiwa fupi kuliko jirani yake, hedi itakaa juu ya zile ndefu na kuiacha ile fupi ikicheza. Hapo unaweza kukaza boliti hadi zikatike na bado maji yatapita.

Nilipoelewa hilo nilielewa pia kwa nini gasketi mbili zilikufa. Maana Pijo yetu ilikuwa na dalili mbili kwa wakati mmoja, na gereji ilitibu moja.

Kusoma dalili kabla ya kufungua

Dalili ya kwanza ilikuwa mapovu kwenye rejeta injini inapowaka, na mvuke mweupe kwenye ekzosi hata baada ya injini kupata joto. Hiyo ni hewa ya silinda inayopenya kwenye maji kupitia gasketi ya hedi. Tuliazima kipimo cha kompresheni. Silinda mbili za katikati, zilizo jirani, zilisoma chini kuliko za pembeni. Silinda mbili jirani zikianguka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao.

Dalili ya pili ilikuwa ya maji kwenye oili. Wengi hufungua kifuniko cha oili, wakiona ute mweupe kama maziwa hulia kwamba gasketi imekufa. Si lazima. Gari linalokwenda safari fupi tu linaweza kuonyesha ute kidogo kwa sababu ya unyevu. Mzee alitumia njia isiyogharimu hata senti. Gari lililala usiku kucha bila kuwashwa. Asubuhi alilegeza nati ya kumwagia oili chini ya sampu, polepole, mpaka matone yakaanza kutoka. Kilichotoka kwanza hakikuwa oili. Kilikuwa maji safi, karibu kikombe kizima. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiachwa yatulie hukaa chini.

Maji mengi namna hiyo, tena safi, yalimfanya mzee ashuku sili za chini za slivu. Gasketi ya hedi ilikuwa mgonjwa mmoja, na sili za chini zilikuwa mgonjwa wa pili.

Kufungua: hapa ndipo wengi wanaua injini

Hedi haifunguliwi ikiwa ya moto. Tulisubiri ipoe kabisa, tukaondoa waya wa betri, tukamwaga maji na oili. Boliti za hedi zililegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, kinyume cha namna zinavyokazwa. Ukilegeza moja hadi mwisho wakati nyingine zimekaza, unaipinda hedi kwa mkono wako mwenyewe.

Pushirodi nane tulizichomeka kwenye boksi la kadibodi lililotobolewa na kuandikwa namba, ili kila moja irudi pale ilipotoka. Kumbuka kwamba Wafaransa huhesabu silinda namba 1 kutoka upande wa flaiwili, siyo upande wa feni. Fundi aliyezoea Toyota akisahau hilo, atapanga waya za plagi kinyumenyume na kulaumu kabureta siku nzima.

Kisha ikaja hatua ambayo mzee aliinua kidole kabla yake. Hedi ya Pijo hainyanyuliwi moja kwa moja kwenda juu. Gasketi iliyoshikana na slivu itazivuta slivu pamoja nayo, na sili za chini zitaachana na makao yake. Hedi hutikiswa kwanza. Tulitia vyuma viwili kwenye matundu ya boliti na kuyumbisha hedi kushoto na kulia mpaka ikaachia kwa mlio mdogo. Baada ya hapo ndipo tukainyanyua.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Wale wa gereji waliifunga mnyororo, wakaivuta juu kwa mti."

Mzee akauliza, "Na baada ya kuitoa, waliizungusha injini?"

"Waliwasha kwa ufunguo mara mbili, wapate kusafisha vichwa vya pistoni."

Mzee hakusema neno. Alichukua washa pana na boliti, akazibana slivu zote nne zisitikisike. Hedi ikiwa nje, injini hairuhusiwi kuzungushwa kabla slivu hazijabanwa. Pistoni inapopanda huinyanyua slivu, na uchafu mdogo ukiingia chini ya sili, kazi imeharibika. Tukawa tumepata jibu la gasketi ya pili, ile ya siku sita.

Gasketi ya zamani ni barua

Wengi wakitoa gasketi iliyoungua huitupa. Usiitupe, itundike ukutani uisome. Yetu ilikuwa na alama nyeusi kati ya silinda ya pili na ya tatu, sawasawa na kipimo kilivyotuambia. Lakini pia kuzunguka silinda moja ya pembeni chuma cha gasketi kilikuwa bado kinang'aa, hakina alama ya kubanwa. Maana yake slivu ile ilikuwa chini kuliko wenzake.

Gasketi ilikuwa imepakwa gundi ya silikoni pande zote mbili. Hilo ni kosa. Gasketi ya hedi huwekwa kavu, isipokuwa mtengenezaji awe ameagiza vingine. Silikoni ina kazi yake kwenye baadhi ya maungio ya sampu, tena mstari mwembamba tu. Inayobaki hujikunja ndani, hukatika na kuelea kwenye oili hadi kwenye chujio la pampu. Tulipofungua sampu tulikuta vipande vyekundu vimeziba karibu robo ya chujio. Maji hayakuwahi kuiua injini ile, lakini silikoni ingekuja kuiua kwa kuinyima oili.

Tahadhari nyingine ni ya afya. Gasketi za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na bado zipo madukani zile zilizokaa stoo. Vumbi la asbesto linadhuru mapafu, na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Usiikwaruze ikiwa kavu, usiipulize kwa kompresa. Ilowanishe kwa maji, bandua kwa kipande cha mti mgumu, na vitambaa ulivyofutia vifunge kwenye mfuko. Watoto wakae mbali.

Safari ya Buyenzi

Tuliweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na kupitisha fila geji chini yake. Katikati fila ya milimita 0.15 ilipita bila kusukumwa. Mzee alisema kwa hedi ya namna hii hataki ipite hata ile ya 0.05. Hedi ilikuwa imepinda, pengine tangu siku ya kwanza ilipochemka. Hili ndilo lililoua gasketi ya kwanza, ile ya wiki tatu. Gereji ilibadilisha gasketi bila kuweka rula, kama mtu anayebadilisha shuka bila kutazama kitanda.

Nilipanda basi la Bujumbura nikiwa na hedi kwenye gunia. Buyenzi hakuhitaji utambulisho kwa wasomaji wa ukurasa huu. Ndiko Kiswahili kilikokaa mjini Bujumbura tangu zamani, na ndiko mafundi waliko. Hedi ilisawazishwa kwa mashine, ikaondolewa kile tu kilichohitajika. Kila ukipunguza hedi, chumba cha moto kinapungua na kompresheni inapanda, na petroli yetu si ya kuchezewa. Hedi iliyokwisha kupunguzwa mara nyingi inafika mahali haifai tena.

Wakati nasubiri nikaenda kununua gasketi, na hapo nikakutana na tatizo letu la siku zote sisi tuliosoma upande wa pili wa mpaka.

Maneno mawili kwa kitu kimoja

Nilimwomba muuzaji gasketi ya hedi. Akaniletea gasketi ya tapeti kava. Nilikuwa nimesema Kiswahili cha Mpanda, yeye anafanya biashara kwa Kifaransa. Kwa faida ya wafanyabiashara wanaovuka Mugina na Manyovu, haya ndiyo niliyojifunza. Gasketi ya silinda hedi huku huitwa "joint de culasse". Hedi yenyewe ni "culasse". Slivu ni "chemise", neno lilelile la shati. Sili ya mviringo ya oili ni "joint spi". Krankishafti ni "vilebrequin", kamshafti ni "arbre à cames", na sampu ni "carter". Boksi za spea za Peugeot zimeandikwa hivyo hata zikiwa Kariakoo, kwa hiyo mtu wa Kigoma naye anayahitaji.

Jina likishapatikana, bado kipimo. Muuzaji wa pili alinipa gasketi nzuri, ndani ya boksi safi, akaapa ni ya 504. Kweli ilikuwa ya 504. Lakini 504 za petroli zilikuwa na injini zaidi ya moja. Yetu ni ya sentimita za ujazo 1,796, yenye silinda za kipenyo cha milimita 84. Kuna ya 1,971, yenye kipenyo cha milimita 88. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 81, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Niliweka gasketi mpya juu ya ile ya zamani niliyokuja nayo, nikaona duara zake ni kubwa. Ningeifunga, pete yake ya chuma ingekaa nje karibu na ukingo wa slivu, mahali pasipobanwa sawasawa. Ungekuwa mwanzo wa gasketi ya nne.

Basi nenda dukani na gasketi ya zamani mkononi, hata kama imeungua. Nenda pia na rula.

Na kwa wanaoagiza kutoka Dar es Salaam kupitia Kigoma, nina neno moja. Ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Mawese na mahindi yanaweza kuingia humo. Gasketi iliyotengenezwa Ufaransa au China haiwi ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Kariakoo. Omba risiti, itaje mpakani, lipa kinachostahili. Mzigo uliofichwa chini ya kiti ukikamatwa, utapoteza spea na siku mbili za soko.

Kurudisha kila kitu mahali pake

Sampu ilikuwa imeshashushwa. Tulifungua koni rodi na kutoa kila slivu pamoja na pistoni yake, moja moja, zikiwa na alama. Makao ya slivu ndani ya block yalikuwa na tope la kutu na magadi, gumu kama jiwe. Maji ya ziwani tunayoyachota na kuyamimina kwenye rejeta huacha hiyo zawadi. Kusafisha makao hayo manne peke yake kulichukua siku mbili.

Sili za chini huuzwa kwa unene unaotofautiana kidogo, makusudi, ili fundi apate urefu unaotakiwa. Tulizipanga, tukapima kwa rula na fila, tukazitoa, tukazipanga tena. Slivu ya nne ilitusumbua hadi jioni. Mama mdogo alileta chai, akauliza, "Hiyo tofauti mnayoitafuta ni kubwa kiasi gani?" Mzee akamwonyesha unywele mmoja wa ndevu zake. Mama mdogo akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Tulibadilisha na sili nyingine kwa kuwa injini ilikuwa wazi. Sili ya mbele ya krankishafti ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Mpira wa sili huzeeka kwa joto hata gari likiegeshwa. Sili mpya hupakwa oili kwenye mdomo wake kabla ya kuingizwa, na mdomo wenye springi hutazama upande wa oili. Hugongwa kwa kipande bapa kinachoigusa pande zote, siyo kwa bisibisi upande mmoja. Krankishafti ilikuwa imechimbwa mfereji mdogo na sili ya zamani. Mzee aliiingiza mpya ndani kidogo zaidi, ili mdomo wake ukae mahali pasipochimbika.

Gasketi ya tapeti kava ni ya koki. Hiyo haihitaji nguvu. Ukiikaza kwa hasira hupasuka na kutoka pembeni, na bati la kava hupinda. Gasketi ya kava ya pampu ya maji hatukuipata, tukaikata wenyewe kwa karatasi ya gasketi. Unaweka karatasi juu ya kava na kuigonga taratibu pembezoni kwa nyundo ndogo, ukingo wa chuma wenyewe unaikata. Kazi hiyo nilipewa mimi, nikaharibu mbili kabla ya kupata moja.

Kabla ya hedi kurudi, matundu ya boliti yalikaushwa kabisa. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na oili au maji, boliti inaposhuka haina pa kuyasukuma. Spana itakuambia imekaza kumbe imekaa juu ya maji, na block inaweza kupasuka.

Spana ya toki tuliiazima Mabanda kwa dhamana ya kitambulisho changu. Boliti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Mkono wa fundi, hata uwe na miaka 40 ya kazi, si kipimo. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mwisho tukapanga nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutoa.

Siku ya tisa

Tulijaza oili mpya. Kwenye rejeta tulitia kulanti badala ya maji ya ziwani. Kulanti huzuia kutu kwenye chuma na ulikaji kwenye aluminiamu, hata huku ambako hakuna barafu. Asiyeweza kuinunua yote, achanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo na maji ya mvua yaliyochujwa. Tuliacha kifuniko wazi hadi hewa ikatoka.

Iliwaka mara ya tatu. Hakuna aliyesema kitu. Tulitazama rejeta dakika 20 nzima. Hakuna povu. Injini ikapoa usiku kucha, na asubuhi mzee akarudia mtihani wake wa kulegeza nati ya sampu. Tone la kwanza lilikuwa oili. La pili pia. Akaikaza, akafuta mikono.

Baada ya kilomita chache tulimwaga oili ile hata kama ilikuwa mpya, kwa kuwa maji yaliyojificha kwenye mifereji hayaishi mara moja. Kisha boliti za hedi zikakazwa upya injini ikiwa baridi, moja baada ya nyingine. Kila moja ililegezwa kidogo kwanza ndipo ikarudishwa kwenye kipimo. Gereji nyingi huruka hatua hii kwa sababu mteja ameshalipa na kuondoka. Mteja, rudi. Dai ukazaji wa pili, ni sehemu ya kazi uliyolipia.

Hesabu yetu yote ilifika madumu sita. Hedi kusawazishwa, gasketi, sili, oili, kulanti na mkono wa mzee, ambaye alikataa nusu ya malipo yake na kuchukua dumu moja la mawese. Ni pungufu ya gasketi mbili za kwanza zilizotupwa.

Sitakuficha, Pijo bado inadondosha oili. Sili ya nyuma ya krankishafti haibadilishwi bila kushusha giaboksi, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Mama mdogo ameweka sinia kuukuu chini yake na hupima oili kwa kijiti kila asubuhi kabla ya kupakia. Tumekubaliana na mzee kwamba giaboksi itashuka likizo ijayo. Ndugu yangu aliyebaki Katumba ameahidi kuitafuta sili hiyo Mpanda. Nimemwandikia kwenye karatasi majina yote mawili, la Kiswahili na la Kifaransa, pamoja na vipimo vyake.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita tena wiki iliyofuata. Aliikuta Pijo haipo. Ilikuwa Mabanda, sokoni.